Mwanamke Asiyeogopa Maji

Mimi ni mwoga wa maji, na ndiyo maana nilipewa kazi ya kuwafundisha wenzangu kuzamia. Miaka ile wakimbizi walipokuwa wakishuka Kigoma mitumbwi kwa mitumbwi, sisi tulikuwa tukikamata samaki wa mapambo kwenye mawe ya Katonga, wale wadogo wa rangi wanaopelekwa Ulaya kufugwa kwenye matangi ya vioo. Mitungi ya hewa hatukuwa nayo. Ulikuwa na pumzi yako, miwani na kijinyavu, basi.

Kila mgeni nilimpima kwanza, ndipo niamue aanzie wapi. Anaketi chini kwenye maji ya kifuani, jiwe mapajani. Akiibuka mapema, macho yamemtoka, huyo anajijua, namtuma kwenye mawe. Anayejitia ushujaa anabaki mchangani, kwenye maji mafupi, mpaka akili imrudie. Vijana wa Ujiji walinicheka, maana kwao mtoto wa ziwa kuanzishwa mchangani pamoja na watu wa bara ni aibu kubwa. Nami niliwajibu kwamba kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio.

Asubuhi moja akaja mama wa ng'ambo ya ziwa, aliyepanga chumba jirani yangu pale Kasingirima. Mtumbwi wao ulizama wakivuka kukimbia vita. Yeye aliokolewa, wanawe wawili hawakuonekana tena. Mtaa mzima ulilijua hilo.

"Kaka, unipe kazi," akasema. "Mi siogopake maji."

Nikampa jiwe, akazama. Maji yalikuwa maangavu, nikamwona ameketi wima, macho wazi, ametulia kama yuko kwenye mkeka kwake. Vijana wakashangilia: "Huyo mpeleke kilindini, mzee!" Mimi mwili ulikuwa umeshanisisimka. Pumzi ilikuwa imemwisha, na haibuki kwa sababu hataki. Nikamrukia, nikalitupa jiwe, nikamvuta kwa nguo. Alinitazama kwa hasira.

"Wenye kuogopa umewapitisha," akasema. "Mie je?"

"Wewe utaanzia mchangani, dada."

Kumfukuza sikuthubutu. Nilihofia atakwenda kuketi chini ya maji mahali ambapo mimi sipo. Basi akawa anakuja kila siku, nami nasimama karibu, na kila mara ni mimi niliyemtoa. Wenzangu wakanitania kwamba nimependa. Laiti ingekuwa hivyo, ningepata usingizi.

Kisha siku moja, ziwa likiwa limechafuka kidogo, alizama na jiwe lake kama kawaida. Hata sijainama kumtazama, akaibuka mwenyewe, anapiga maji kwa mikono miwili, anakohoa. Akanikamata shingoni mpaka kucha zikaniingia.

"Nimeogopa," akalia. "Kaka, nimeogopa kufa."

Nami nikalia palepale, mbele ya vijana wote.

"Kesho uje na miwani," nikamwambia. "Tunakwenda kwenye mawe."