Kidole cha Mtafsiri

Mtafsiri wa kituo chetu cha habari za Kiingereza hupangusa maikrofoni kwa leso, kisha huteremsha sauti ya anayehojiwa kwa kidole kimoja kwenye kidhibiti cha sauti, taratibu, kama anayemfunika mtoto shuka. Wajane na mawaziri wote husema Kiingereza kwa sauti yake laini. Jana tuliletewa video ya mama aliyesimama mbele ya ghorofa lililoporomoka. “Mwanangu yuko hai humo, namsikia! Chimbeni!” Mtafsiri akaandika kwamba anamlilia marehemu.

“Kaka, hakusema hivyo,” nikamwambia.

“Mdogo wangu, maji yakimwagika hayazoleki. Tumeshatangaza hakuna aliyepona.”

Akaanza kuiteremsha sauti ya mama. Nyuma ya kilio, sote wawili tulisikia mtu akigonga zege, mara tatu. Kidole kilisita, kisha kikaendelea kushuka.