Pipa la Cresensia

Tangu Eunike aolewe Rhotia akitokea Piyaya kwa wafugaji, kazi zote za nyumba ile alipewa isipokuwa moja: kugusa pipa la pombe. "Ninyi kwenu mnafukiza vibuyu vya maziwa," mama mkwe wake, Cresensia, humwambia mbele ya majirani. "Pipa langu litanuka moshi." Majirani hucheka, maana wamekuja kunywa. Eunike naye hucheka, na moyo unamuuma. Alitaka siku moja aambiwe, mwanangu, osha pipa.

Kuliosha alishajua, kwa kutazama tu. Pipa la chuma husuguliwa kwa majivu na gunzi, likasuuzwa, kisha maji yakachemshwa humo humo mpaka yatokote. Basi.

Kipaimara cha Julius, shemeji yake Eunike, kilipokaribia, Cresensia alisikia kwamba kule Qurus watu wameharisha kwa pombe chafu. Hofu ikamwingia. Akamtuma mwanawe Emmanueli, mume wa Eunike, akanunue dawa ya kung'arisha nguo nyeupe, akaimimina pipani bila kupima, ikalala humo.

"Mama, hiyo inakula chuma," Eunike alisema. "Tuchemshe maji tu."

"Leo wewe ndiye wa kunifundisha pombe?"

Asubuhi pipa lilikuwa limeota kutu ndani, linachubuka. Cresensia akalisuuza juujuu, akatia uji wa mtama uchachuke.

Siku ya sherehe, mzee Lazaro, mkubwa kuliko wote pale, akapewa kata ya kwanza, kama ilivyo desturi. Akaonja, akatema chini.

"Hii ni misumari," alisema.

Uwanja mzima ukamgeukia Cresensia, mwanamke ambaye pombe yake ilisifiwa hadi Karatu mjini. Naye akamnyooshea mkwewe kidole.

"Nilimwachia huyu aoshe pipa. Ametia madawa yake."

Eunike akamtazama mumewe. Emmanueli aliyabeba yale madawa kwa mkono wake mwenyewe kutoka dukani. Akamsogelea mkewe, akainama sikioni.

"Omba radhi tu, yaishe. Huyu ni mama."

Eunike akapiga magoti pale penye vumbi, na gauni lake jipya, akaomba radhi. Cresensia akamwekea mkono kichwani, akamsamehe mbele ya watu wote, na watu wakamsifu Cresensia kwa moyo wake mkubwa.