Utani Umesitishwa Hadi Magharibi

Inatangazwa kwa wananchi wote wa Kibiti kwamba, kwa kuwa nchi sasa imefungua milango ya biashara, na kwa kuwa hakuna mfadhili anayeweza kutia mali yake kwenye fujo, utani wa aina zote umesitishwa katika uwanja wa mpira siku ya Jumamosi, kuanzia alasiri hadi magharibi. Ndivyo alivyotangaza Bwana Utamaduni, yaani afisa utamaduni wetu, kwa kipaza sauti, akizungushwa mitaani kwenye pikapu ya Mudathiri, muuza mitumba, ambaye ndiye mfadhili mwenyewe. Baada ya magharibi itakuwaje, hakusema. Watu walidhani utarejeshwa.

Shughuli yenyewe ilikuwa jioni ya mashairi na muziki wa jazi, kumkumbuka marehemu Abbasi, mpiga tarumbeta. Jazi yetu ni ile ya magitaa, ngoma na tarumbeta, iliyoanzishwa na chama cha ushirika ili wakulima wa korosho wapate cha kusikiliza wakisubiri bei nzuri. Bei haikuja, ushirika ukavunjika, vyombo vikapigwa mnada, akavinunua Mudathiri. Muziki ukabaki uleule, ila sasa una mwenyewe.

Huseni hakuwa mpigaji. Alikuwa fundi baiskeli, mtu mwembamba aliyezoea kuzungumza na gurudumu kuliko na mwenye baiskeli. Lakini bendi ilipopumzika, yeye ndiye aliyesimama kughani mashairi mpaka magitaa yakamilike kutiwa sauti upya. Huseni alikuwa Mndengereko wa Dimani, huko mtoni kwenye mamba; Abbasi alikuwa Mmatumbi, wazee wake walishuka kutoka milimani wakakaa Umwe. Kwa hiyo walikuwa watani, na kazi hiyo waliifanya kwa bidii tangu ujana wao.

"Mndengereko, leo umekuja bila mamba wako?" Abbasi alikuwa akiuliza jukwaani.

"Nimemwacha nyumbani anamlea mama yako," Huseni alikuwa akijibu, kisha shairi linaanza.

Mtani ana haki zake, lakini kubwa kuliko zote ni wajibu wa msibani. Yeye huvaa nguo ya marehemu, akamwigiza, akamtukana mbele ya wafiwa mpaka wacheke. Maiti asiyetukanwa, kwetu, ameondoka kama mpita njia.

Masika aliyofariki Abbasi, Huseni alikuwa Mbwera, huko kwenye delta, kwenye harusi ya mtoto wa dada yake. Habari ya kifo ilimkuta huko, na maji ya bahari yalikuwa yamekupwa, yametoka kwenye vijito; mtumbwi umekaa juu ya tope kama kitanda. Alingoja maji yajae. Alipofika Kibiti, Abbasi alikwishazikwa, kwa sala, kwa adabu na kwa ukimya mkubwa.

Rukaiya, mjane, alimpokea akiwa ndani, pazia katikati. "Shemeji," alisema, "mwenzio kaondoka hajatukanwa."

Huseni akaketi mkekani.

"Miye nimekaa eda. Machozi yamenikwama hapa, hayashuki wala hayapandi. Ungekuja weye ningecheka, halafu ningelia kama watu." Akapitisha mkono pembeni ya pazia, ukiwa na koti jekundu la bendi. "Chukua. Sijui utalivaa wapi."

Huseni alijua atalivaa wapi. Nyumba ya Rukaiya ilikuwa imepakana na uwanja wa mpira. Katikati ni ua wa makuti tu. Ndipo likaja tangazo.

Alimfuata Bwana Utamaduni ofisini. Huyu alikuwa kijana mpole, msomi, naye Mmatumbi, ingawa alipenda kusema anatoka mkoa wa Lindi.

"Mzee Huseni, shairi lako uliloleta nimelipenda. Lina soko huria, lina uwekezaji. Lisome kama lilivyo."

"Na marehemu?"

"Marehemu tutamkumbuka kwa dakika ya kimya."

"Alishapewa kimya cha kutosha, mwanangu."

"Mzee, ukimtukana mtu mbele ya mfadhili, mwakani hatuna bendi."

Huseni aliondoka. Bendi ilikuwa na wanaume wenye watoto, na jambo hilo nalo alilielewa.

Jumamosi uwanja ulijaa. Mudathiri alikaa kwenye kochi lililobebwa kutoka nyumbani kwake. Kiti cha Abbasi kiliachwa wazi, tarumbeta juu yake. Dakika ya kimya ilipita, mbuzi hawakuambiwa. Kisha Huseni akapanda, na waliomjua Abbasi wakaona koti jekundu, mikono imemzidi. Bwana Utamaduni aliona koti tu.

*Soko sasa ni huria, milango imefunguka…*

Hapo akakoma. Akatazama ua wa makuti. Akaenda kwenye kile kiti, akalitoa tarumbeta, akaketi kama Abbasi alivyokuwa akiketi, goti moja nje kama mtu anayeota jua. Akavimbisha mashavu mpaka macho yakamtoka. Uwanja ukanong'ona. Kisha akaghani, si kwa sauti ya jukwaani, bali ile ya msibani:

*Abbasi u kaburini, nani huko akusema?*
*Vyote viko mnadani, ushirika umezama,*
*Nawe akutake nani, ndipo ukazikwa hima,*
*Hukungojea mtani, nikutukane mapema.*

"Mmatumbi weye!" akaendelea, sasa anasema tu. "Umeogopa maji maisha yako yote, ukafa siku maji yametoka ili nisikupate. Huko uliko usipulize kitu. Watasikia, watadhani Kiyama, watatoka makaburini bure, na wewe ulikuwa unatafuta sauti tu!"

Hakuna aliyecheka. Watu walimtazama Mudathiri, Mudathiri akamtazama Bwana Utamaduni. Huseni akasimama na tarumbeta mkononi, koti linamning'inia.

"Nimtukane nani sasa?" akauliza. "Niambie, mbwa weye. Umeniachia nani?"

Ndipo kicheko kikatoka upande wa pili wa ua. Kilikuwa kicheko cha mwanamke, kirefu, kikapanda mpaka kikakatika, na kilipokatika kikawa kilio. Wanawake waliokuwa karibu waliacha mikeka yao wakaenda ndani kwake. Kisha uwanja mzima ukacheka, na Mudathiri naye, akishika tumbo.

Bendi ilipiga wimbo wa mwisho. Mahali pa tarumbeta waliachia ngoma peke yake.

Bwana Utamaduni alimwandikia Huseni barua ya onyo, akampelekea mwenyewe kibandani.

Mwaka uliofuata baba yake Bwana Utamaduni alifariki huko milimani. Kabla hata kaburi halijaanza kuchimbwa, pikapu ya Mudathiri ilikwishafika kwa fundi baiskeli, na dereva alikuwa ameshika kanzu ya marehemu.