Kichwa cha Kongoni na Wajomba Wawili

Nimelala katika miji mingi tangu nitoke kwetu, na kila ninapofika mji mgeni kitu cha kwanza ninachotazama ni bucha. Sitazami nyama. Natazama kichwa kimewekwa wapi. Kuna miji wanakisukumia chini ya meza kama kiatu kilichochanika, na kuna miji wanakitundika mlangoni kila mtu akione. Mke wangu akinisikia nikisimulia habari hizi hucheka, anasema mimi ndiye mwanamume pekee aliyekaribia kukosa mke kwa sababu ya kichwa cha mnyama.

Anasema kweli. Kilikuwa kichwa cha kongoni, miaka ya tisini, wakati Mpanda bado ni wilaya tu ndani ya mkoa wa Rukwa.

Kijiji chetu kipo njia ya kutoka Mpanda kwenda Sitalike. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nikazurura Tabora na Kigoma karibu mwaka mzima nikitafuta kazi ambayo hata jina lake silijui, kisha nikarudi nyumbani na begi lile lile. Baba alikuwa mwindaji mwenye leseni, lakini macho yalikuwa yameanza kumcheza. Siku aliposimama njiani akakiamkia kichuguu, aliamua mwenyewe kwamba imetosha. Akanikabidhi gobore lake, tukaenda ofisini Mpanda, karatasi zikaandikwa jina langu.

Sasa, kwetu mnyama ana mgawanyo wake. Paja la huku ni la fulani, mbavu za kule ni za fulani, na kichwa ni cha mjomba, kaka wa mama. Hakuna mjadala. Na aliyekula kichwa chako ndiye anayekusemea. Ukigombana na mtu, anakusemea. Ukitaka kuoa, yeye ndiye anayetangulia kukaa kwenye kigoda cha wakwe na kufungua mdomo. Kijana ambaye mjomba wake hajala kichwa hana mdomo.

Na mimi nilikuwa nataka kuoa. Kilomita chache kutoka kwetu alikuwa amehamia Msukuma mmoja na ng'ombe wake, na ng'ombe wale sikuwahi kuwatazama hata kidogo, kwa sababu kila nilipopita pale binti yake alikuwa amesimama kati yao.

Mwaka huo ikaingia hofu ya ugonjwa. Ilisemekana swala wanaonekana mtoni wakitokwa mate na machozi, hawakimbii watu. Bwana Mifugo, kijana mrefu kutoka milima ya kaskazini aliyekuwa hajaoa, akaja na baiskeli yake na buti za mpira, akaitisha mkutano wa wawindaji wote. Akasoma masharti. Mnyama anayezubaa usimpige wala usimguse, njoo utoe taarifa. Utumbo uzikwe pale pale porini, mbwa wasiuguse. Kisu kichemshwe. Na kichwa cha kila mnyama kiletwe kwake kikiwa kibichi, siku hiyo hiyo, akikague.

Mjomba wangu alikuwa amekaa mstari wa mbele. Alikuwa mfupi, mpana, na sauti yake ilitosha watu watatu.

"Kichwa kiletwe kwa nani?" akauliza.

"Kwangu."

"Kwako wewe. Sawa. Dada yako ameolewa nyumba gani hapa kijijini?"

Watu wakaangua kicheko. Bwana Mifugo alidhani anaulizwa habari za nyumbani, akajibu kwa heshima kwamba dada zake wote wameolewa huko huko kwao.

"Basi wapwa zako wako huko," mjomba akasema. "Wakuletee vichwa wao."

Wiki ile ile wawindaji wawili walitii sharti kwa namna yao. Wake zao waliona ni aibu kumpelekea mgeni kichwa kibichi, kana kwamba hana hadhi, wakakichemsha vizuri, wakatia chumvi na nyanya. Bwana Mifugo alifunua sufuria ofisini akakuta kichwa cha tohe kimeiva, kinamtazama. Nasikia alikirudishia kifuniko. Kisha akaandika barua kwa mwenyekiti wa kijiji kwamba neno "kibichi" lizingatiwe, na atakayekosea tena leseni yake itarudishwa Mpanda.

Mimi nilimpata kongoni wangu siku ya Jumatano. Wangu wa kwanza. Ziara ya kwenda kuposa kwa Msukuma ilikuwa imepangwa Jumamosi. Nikampitia yule binti nimpe habari, yeye akanitazama kama ninavyotazamwa na karani wa posta.

"Karatasi ya Bwana Mifugo iko wapi?"

"Karatasi ya nini?"

"Ya kusema mnyama wako ni mzima. Baba anasema nyie wawindaji ndio mtakaotuletea sotoka. Kwao ilimaliza zizi zima akiwa mtoto. Ukija bila karatasi, usije."

Hapo ndipo nilipoona nimebanwa. Baba yake anataka karatasi, na karatasi hutolewa kwa kichwa. Mjomba anataka kichwa, na bila mjomba sina mdomo. Kongoni, kwa bahati mbaya, ana kichwa kimoja.

Nikakifunga kwenye keria ya baiskeli, pembe zikinichoma mgongoni, nikakipeleka kwa Bwana Mifugo. Akavaa glavu, akapasua chini ya taya, akatoa vitezi viwili vidogo akavitia kwenye chupa. Chupa ile ingepanda treni Mpanda, ipite Kaliua, iende mbali kuliko nilivyowahi kufika. Niliionea wivu.

"Mnyama huyu mzima kabisa," akasema akiniandikia karatasi.

"Basi nipe kichwa niende."

"Hakirudi. Kinazikwa."

"Lakini umesema mzima."

"Sharti ni sharti, ndugu yangu."

Na kweli kilizikwa, kwenye shimo nyuma ya ofisi, na chokaa juu. Nilienda kwa mjomba nikiwa na karatasi mkononi. Nikamwamkia, akaitikia marahaba akiangalia pembeni. Habari ilikuwa imeshafika.

"Nenda kwa aliyekula kichwa," akasema. "Yeye ndiye akuoze."

"Hakukila, mjomba. Amekizika."

Mjomba akageuka. "Amekizika?"

"Nyuma ya ofisi."

"Amezika kichwa changu. Bila kunipa hata taarifa. Matanga tumekaa wapi? Nani amenyoa nywele?" Akaingia ndani, akafunga mlango. Kupitia mlangoni akaongeza, "Na shimo alichimba refu, au ndio mbwa watakula?"

Nikabaki nje. Nikafikiri, kisha nikafanya jambo ambalo hadi leo sijui kama lilikuwa la akili au la utundu tu. Nilirudi kwa Bwana Mifugo nikamwambia kwamba kwa desturi yetu, kwa kuwa kichwa cha mnyama wangu wa kwanza kimeishia mikononi mwake, yeye sasa ni mjomba wangu, na Jumamosi ana kazi ya kuniposea.

"Hiyo haimo katika majukumu yangu," akasema.

"Ni kwa yule Msukuma mwenye ng'ombe wengi."

Bwana Mifugo akaweka kalamu chini. Msukuma yule alikuwa hajawahi kumruhusu mtu wa serikali akaribie zizi lake, na chanjo zilikuwa zimekaa zinasubiri. "Jumamosi saa ngapi?" akauliza.

Tukaenda. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, na mjomba wangu mpya sidhani kama alifika thelathini. Akakalishwa kwenye kigoda, magoti yakamfika kidevuni. Msukuma akamwamuru aseme. Mtoto wa watu hajawahi kuposa maishani mwake, akafungua mdomo kwa alichokijua.

"Ndugu mwenyekiti," akaanza. "Kijana huyu nimemkagua. Macho yake safi. Hatokwi mate. Anakula vizuri, anakwenda bila kuchechemea. Kwa maoni yangu anaweza kuchanganywa na wengine."

Nyuma ya nyumba nilisikia kicheko cha wanawake, na kimoja nilikitambua. Msukuma alikunja uso, lakini tumbo lilikuwa linamtikisika.

"Na koo lake?" akauliza.

"Sijalipasua, mzee."

Kabla hawajafika mbali, sauti ya watu watatu ikatokea kwenye ua. Mjomba alikuwa amekuja kwa miguu, vumbi hadi magotini. Hakuweza kukaa nyumbani akijua kwamba mgeni ananinadi kama ng'ombe.

"Huyo hana haki ya kusema!" akapaza sauti. "Alichukua vitezi tu. Tezi hazisemi. Ulimi ulikuwa wangu!"

"Na ulimi umeulaje," Msukuma akamuuliza, "wakati uko shimoni?"

Mjomba akaanza kujipangusa vumbi magotini. Msukuma akatutazama mmoja mmoja, akatoa uamuzi. Mjomba wa kweli hajala. Aliyechukua si mjomba. Basi niwinde tena, kichwa kije pale pale uani kwake, Bwana Mifugo akate sehemu yake, kilichobaki kichemshwe mbele ya macho yake mpaka nyama iachane na mfupa, mjomba ale, kisha aseme. Akanipa mpaka Jumamosi ijayo. Baada ya hapo, akasema, kuna kijana mwingine wa kutoka Inyonga aliyeshatuma salamu.

Habari ya kijana wa Inyonga haikuwa kwenye mazungumzo yoyote niliyokuwa nimeandaa.

Nikaingia porini Jumatatu, sikupata kitu. Jumanne hivyo hivyo. Jumatano nilifuata nyayo za korongo, yule swala mkubwa, nusu siku nikaishia kwenye nyuki. Alhamisi nilipoteza kofia. Ijumaa, jua likiwa limepanda, nikashuka mtoni, na ng'ambo, hatua thelathini tu, alikuwa amesimama swala pala dume, pembe nzuri, peke yake.

Nikaweka gobore begani. Hakukimbia. Nikasogea, tawi likavunjika chini ya mguu wangu. Hakukimbia. Nikakohoa makusudi. Akageuza kichwa polepole, na hapo nikauona ute ukining'inia mdomoni mpaka chini, na macho yamezibwa na tongotongo.

Nitasema ukweli kwa kuwa wahusika wengi wameshazeeka. Nilisimama pale muda mrefu. Kichwa ni kichwa. Ningeweza kumpiga, kuuosha uso wake mtoni, kumfikisha uani giza likiingia. Kitachemshwa, nilijiambia. Nilimwona kijana wa Inyonga, ambaye sikuwahi kumwona, amevaa suruali ya kitambaa, amekaa kwenye kigoda changu. Kisha nikawaona ng'ombe wa Msukuma, kwa mara ya kwanza nikawaona wao wenyewe, na ute ule ukidondoka njia nzima kuelekea kwao.

Nikashusha gobore. Nikarudi nyuma bila kukanyaga alipokanyaga yeye, nikaenda kutoa taarifa kama sharti linavyosema.

Bwana Mifugo alichukua mfuko wake mara moja. Na mjomba, aliyekuwa amekaa kibandani karibu na ofisi tangu asubuhi akilinda kichwa kisizikwe tena bila yeye, aliona tunatoka akafuata. "Safari hii nazika mwenyewe," akawa anasema njiani. "Au hazikwi mtu."

Tulimkuta swala amelala chini. Alikuwa ameshakufa. Nzi walikuwa wengi kuliko manyoya. Mjomba akasimama pembeni ya mti, kitambaa puani. Sikuweza kujizuia.

"Mjomba," nikamwambia, "kichwa chako kile pale."

Akanitazama, akamtazama swala.

"Mpe Bwana Mifugo," akasema kwa sauti ndogo ambayo sikujua kama anayo. "Si ndiye mjomba wako?"

Bwana Mifugo hakucheka. Alivaa glavu mbili mbili, akatoa vitezi vyake, tukakusanya kuni tukachoma kila kitu, mimi na mjomba tukileta magogo. Jioni tulinawa kwa sabuni mpaka vidole vikajikunja. Kurudi, tulipofika barabarani, mjomba akaniuliza kama kweli mnyama yule alikuwa hatua thelathini.

"Thelathini, mjomba."

"Na baruti ilikuwa kavu?"

"Kavu."

Jumamosi tukafika kwa Msukuma mikono mitupu, watatu tumejipanga kama watuhumiwa. Msukuma akauliza kichwa kiko wapi. Bwana Mifugo akataka kueleza kitaalamu, mjomba akamsukuma kwa kiwiko, akakaa kwenye kigoda kabla ya kukaribishwa.

"Kichwa sijala," akasema. "Nimekiona. Kijana huyu angeweza kunilisha kile, nami ningekula, maana mnanijua. Na ng'ombe zako leo wangekuwa wanatokwa mate. Hakunilisha. Sina la kuongeza."

Msukuma akageuza fimbo yake mkononi. Kisha akaita ndani waandae chakula, na akamwambia Bwana Mifugo kwamba akimaliza kula aende akaone zizi, lakini ndama mweupe asimguse, ni mkali.

Kijana wa Inyonga sijamwona mpaka leo. Huwa namfikiria nikiwa stendi za mbali.

Wakatuletea kuku. Mjomba akavuta bakuli, akatafuta mchuzini kwa kijiko mpaka akakipata kichwa, kidogo kama kidole gumba, akakiinua juu sote tukione. Alikuwa amekwisha fungua mdomo wakati Bwana Mifugo aliponyoosha mkono.

"Samahani mzee," akasema. "Nikitazame kwanza."