Wali Uliokwenda Dar es Salaam

Harufu ya wali mpya ndani ya jani la mgomba hunirudisha Ifakara, miaka ya hamsini, masika ambayo mama aliumwa. Bibi yangu, mzaa mama, hakujua maili. Alipima njia kwa chakula. Alfajiri alipika, akafunga wali kwenye jani, akanitwisha. Nikienda nao shambani Lumemo ulifika ungali moto. Wa Idete ulifika umepoa. Kwa hiyo Lumemo ilikuwa karibu, Idete mbali, na Dar es Salaam ilikuwa safari ya kulala njiani, kwa lori hadi Kilosa, kisha treni. Masika hayo barabara ilikuwa tope tupu. Mwaka uliotangulia jirani yetu alipakiwa kwenye lori akiwa mgonjwa, akafia njiani. Kwa hiyo bibi aliposikia kwamba mama lazima akapasuliwe tumbo Dar, na kwamba ndege ndogo ingekuja kumchukua, alipika.

Uwanja wenyewe ulikuwa majani yaliyofyekwa tu. Mama alilala kwenye machela, na bibi alibeba kapu lenye wali, samaki wakavu, sufuria na mkeka. Rubani alilinyanyua, akalirudisha chini.

"Zito, mama. Ndege ndogo hii."

"Sasa njiani atakula nini, mawingu? Na bila mkeka mtalala wapi?"

"Hatulali. Kabla ya adhuhuri tumefika."

Watu wakacheka. Bibi hakucheka. Alikuwa ameushika mkono wa mama, na hakuuachia hata wauguzi walipoinua machela. "Mama, niache niende," mama akasema kwa sauti ndogo. Mimi niliyeona haya hata kuitikia jina langu darasani, nilichomoa kifurushi kimoja cha wali kapuni, nikakiweka kifuani pa mama, chini ya kanga.

"Utuambie kama kimepoa," nikasema.

Bibi akanitazama, kisha akauachia mkono.

Hatukurudi nyumbani. Tulikaa pembeni mwa uwanja, mvua ikitunyeshea na kuacha, mpaka alasiri ndege iliporudi na dawa za hospitali. Rubani alitujia akicheka. "Amefika. Amesema wali bado una joto."

Bibi alikaa chini kwenye majani yenye maji, akalifungua kapu, akaanza kuwagawia watu chakula cha safari. "Kumbe Dar iko karibu kuliko Idete," alisema. "Na mimi nilikuwa naogopa nini?"

Mama alirudi kiangazi, kwa lori, amenenepa.

Mwezi uliopita mjukuu wangu alipanda ndege Dar kwenda kusoma Guangzhou. Alinitajia kilomita na saa za safari, nikaitikia tu. Nikamfungia wali kwenye jani. Alipofika alinipigia simu.

"Bibi, umepoa kabisa. Lakini nimeumaliza."

"Basi huko ni kama Idete," nikamwambia. "Na Idete tulikuwa tunakwenda na kurudi."