Nilivyokataa Kusema "Naamini"

Siku hizi mtu akiniuliza dini yangu namjibu papo hapo: sina. Siamini kwamba kuna Mungu. Nalisema hilo nikiwa nyuma ya kaunta ya duka langu la dawa za mifugo pale Omurushaka, mkono mmoja ukipima dawa ya kupe, na mteja akishtuka nampa chenji yake akashtukie mbele ya safari. Zamani haikuwa hivyo. Zamani nilikuwa mwoga kama kuku mgeni.

Kwetu ni Kiruruma, kwenye kibanja cha migomba na kahawa alichokikuta baba kwa baba yake. Baba ni mzee wa kanisa, Mlutheri wa kuvaa koti hata jua likiwaka, na mama ni wa kwaya. Nilibatizwa hapo, nikapata kipaimara hapo, nikaimba hapo hapo. Watu wanapenda kuniuliza nani alinikosea. Hakuna aliyenikosea. Niliwaza, nikauliza, nikasoma, mwishowe nikatafuta ndani yangu ile imani nisiione, na usingizi wangu ukaendelea kuwa mtamu tu. Nilichokosa ni ujasiri wa kusema. Kila Jumapili niliyokwenda nyumbani nilikaa benchi la mbele, nikafumba macho pamoja na wenzangu, na baba aliponiambia niombee chakula nilikiombea, tena kwa ufasaha. Shangazi alikuwa akisema nina karama.

Aliyenitoa mafichoni ni mdogo wangu. Yeye ameolewa upande wa Kyerwa, nje kidogo ya Rubwera, na alikaa kwenye ndoa muda mrefu bila mtoto, mpaka maneno ya watu yakamchosha kuliko kazi za shamba. Hatimaye akapata binti. Ukiacha mkunga, mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kumbeba yule mtoto, na tangu siku hiyo nilimpenda hadi nikawa najicheka mwenyewe. Mdogo wangu alipopata nguvu alikuja kukaa Kiruruma kidogo, nami nikawa nafunga duka mapema nikawaone.

Tulikuwa jikoni tunamenya ndizi, mtoto nimempakata, aliposema, "Dada, mdhamini wa ubatizo ni wewe. Sitaki mtu mwingine."

Mdhamini kwetu si mtu wa kupigwa picha na keki. Anasimama mbele ya madhabahu, mchungaji anamuuliza kama anaamini, naye anajibu kwa mdomo wake, usharika mzima ukisikia, kwamba anaamini na kwamba atamlea mtoto katika imani hiyo. Niliitazama ile ndizi mkononi, nikaiweka chini.

"Siwezi," nikasema.

"Una safari?"

"Sina safari. Mungu simwamini, mdogo wangu. Siku nyingi sasa. Siwezi kwenda kuapa uongo juu ya kichwa cha mwanao."

Alicheka. Alipoona sicheki, akaacha kumenya.

"Umehamia kwa Wakatoliki?"

"Hapana."

"Wasabato?"

"Hapana."

"Au umepata Mwislamu hujatuambia."

Hapo ndipo wanapokosea watu wetu wote. Kwao dini haiachwi, watu wanahama tu. Ng'ombe akikosekana zizini lazima atakuwa kwenye shamba la mtu, kazi ni kujua la nani. Nikamweleza kwamba sijaenda kwa yeyote. Akasogea karibu, akateremsha sauti.

"Dada, umekuwa Freemason?"

"Freemason gani anauza dawa ya kupe Omurushaka?"

Siku nyingine angeanguka kwa kicheko. Siku hiyo alifuta utomvu mikononi, akainama, akamtoa mtoto mapajani mwangu. "Kama ni hivyo," akasema, "usimshike mwanangu mpaka nijue wewe ni nani." Nimewahi kutukanwa na madereva wa malori, nimewahi kuachwa na mwanaume niliyemtarajia, lakini sijawahi kuumia kama nilivyoumia pale jikoni.

Jumapili iliyofuata nikaitiwa kikao. Baba, mama, mdogo wangu na mtoto, na shangazi. Kwetu shangazi ndiye mwenye neno juu ya mabinti wa kaka yake, anamwita msichana, anamkalisha, anamnyoosha, na wetu neno lake lina meno. Aliketi na Biblia mapajani, mkoba juu ya Biblia, na macho yake juu yangu.

Baba ndiye aliyeanza. Akasema kwa upole ambao ulinivunja moyo kuliko ukali, "Mwanangu, sema tu. Ni neno moja. Ukishalisema unakaa, mambo yanakwisha, mdogo wako anafurahi."

"Baba," nikamwambia, "wewe mzee wa kanisa ndiye unayeniambia nikadanganye madhabahuni?"

Akatazama viatu vyake. Nilimhurumia, ila sitaficha kwamba ilikuwa tamu. Miaka yote nilidhani siku nikisema ukweli nitakuwa mimi ninayetazama viatu.

Shangazi akaingia. "Na ukifa, nani atakuzika?"

Usilichukulie kirahisi swali hilo. Kwetu mtu asiye na usharika hana mchungaji kaburini, na maziko bila mchungaji ni aibu inayobaki na ukoo miaka. Wako watu wanaokwenda kanisani maisha yao yote kwa ajili ya hilo swali tu. Mimi mwenyewe lilikuwa limenifunga mdomo miaka. Lakini siku hiyo lilipotamkwa, nikashangaa kuliona dogo.

"Mtanizika nyie, shangazi. Au mtaniacha ninuke hapo migombani?"

Mama alitoa sauti, akaiziba kwa kanga. Shangazi akasema sina adabu, na kwa hilo sikumbishia. Kisha nikasema nililokuwa nimelibeba. Nikawaambia sikuja kuomba ruhusa wala kumgeuza mtu. Kwamba nawapenda, nitakuja nyumbani kama kawaida, nitapika, nitazika na nitaozesha pamoja nao, na kanisani nitakaa wakitaka nikae. Ila macho sitafumba tena, na neno nisiloliamini halitatoka kinywani mwangu, hata kwa ajili ya mtoto ninayempenda vile. Kifua kilikuwa chepesi, chepesi kabisa, kama mtu aliyetua mkungu wa ndizi kichwani baada ya mlima.

Mdogo wangu hakunitazama. Alikuwa amempakata mtoto, amenipa mgongo. Kesho yake akaondoka kwenda kwake bila kuniaga, na nikasikia kwamba udhamini amepewa wifi yake. Kwa hiyo niliwashinda wote isipokuwa yule niliyemtaka. Pale dukani nilikuwa nikimwona mama yeyote na mtoto mgongoni nachanganya bei. Nilipiga simu, haikupokelewa. Nikatuma ujumbe wa kuuliza hali ya mtoto, ukajibiwa kwa neno moja, "Mzima." Nikalisoma hilo neno mara nyingi kuliko barua yoyote.

Ikafika simu ya mama. "Ubatizo ni Jumapili hii. Njoo."

"Yeye amesema nije?"

"Nani amekuzaa, yeye au mimi? Njoo."

Nikafunga duka, nikanunua kitenge kizuri kuliko vyote nilivyoviona Omurushaka, nikaenda.

Kanisani kwao, huko Kyerwa, nilikaa na ukoo, benchi la mbele kama siku zote. Ikafika wakati wa kukiri imani. Watu wakasimama, nami nikasimama kwa heshima yao, mikono mbele, macho wazi, mdomo nimeufunga. Sauti zikapanda kulia na kushoto kwangu, za mama, za shangazi, za watoto wa jirani, nami katikati kimya. Haikuwahi kutokea maishani mwangu. Walionifahamu walianza kuchungulia. Baba, aliyepewa kiti cha mgeni pamoja na wazee wa pale, alikuwa ametuelekea uso kwa uso, akaniona. Mdogo wangu, kule mbele na mtoto mikononi, akageuka akanitazama, na hakuharakisha kuondoa macho. Sikuinamisha kichwa. Nitakuambia ukweli, nilijisikia mrefu.

Sherehe ilikuwa nyumbani kwake, chini ya turubai, viti vya kukodi, matoke na nyama, lubisi, pombe yetu ya ndizi, kwa wanywaji na soda kwa waliookoka. Nilikaa karibu na mama. Mtoto alipita mikono ya kila mtu, yangu ikarukwa, nami nikatazama sahani yangu. Watu waliposhiba, mdogo wangu akatoka ndani, mtoto begani, na kikapu kidogo cha akamwani, ile kahawa yetu iliyochemshwa na majani na kukaushwa, ambayo mgeni hupewa atafune. Kila mtu alijua anaanza na mchungaji. Akampita mchungaji. Akawapita wakwe. Akaja kusimama mbele yangu.

"Dada, simama."

Nikasimama.

"Nilikutazama kanisani," akasema, na hakusema kwa siri. "Watu wanakukodolea macho, baba yuko mbele yako, na unajua kabisa kwamba neno moja tu lingekurudishia kila kitu. Hukulisema. Nikajiambia, huyu akiniahidi kitu, amekiahidi kweli. Sasa maswali ni ya kwangu. Mimi nikifa, utamlea?"

"Nitamlea."

"Akikuuliza habari za Mungu?"

"Nitamwambia mimi siamini, mama yake aliamini, na kanisa lilipo nitamwonyesha. Nikiulizwa ungali hai, nitamleta aje akuulize mwenyewe."

"Hutamkataza kwenda?"

"Sitamkataza. Na sitamlazimisha."

Akafikiri kidogo. Kisha, kwa kuwa alihitaji mikono yake, akanipa mtoto. Hivyo tu, kama mtu anavyompa dada yake mtoto. Nilimpokea na machozi yakanitoka bila kuniuliza, na sikuyafuta kwa sababu mikono ilikuwa imejaa. Yeye akachagua buni moja kikapuni, akaipasua kwa meno, zikatoka punje mbili. Moja akaishika, moja akanielekezea mdomoni.

Wazee wakaweka vikombe chini. Kila mwenye umri pale alijua anachokiona. Ni omukago, ule urafiki wa kale ambao watu wawili waligawana punje za buni moja, kila mmoja akala yake ikiwa na damu ya mwenzake, na tangu siku hiyo mtoto wa huyu akawa wa yule. Kanisa liliukemea tangu enzi za babu zetu, na mimi nilikuwa nimeusikia kwenye hadithi tu.

Shangazi akainuka. "Mnarudia mizimu? Mbele ya mchungaji?"

"Shangazi," nikamwambia, "mimi hata mizimu siiamini."

Turubai zima likacheka. Mchungaji alijitahidi kujificha nyuma ya soda yake, akashindwa. Baba alicheka mpaka akavua lile koti. Shangazi alisimama kidogo akitafuta wa kumuunga mkono, akamkosa, akaketi, na nikamwona naye mdomo unamcheza.

Mzee mmoja wa upande wa shemeji, anayependa mambo yafuatwe, akanyoosha kidole. "Binti, umekosea. Omukago haufungwi bila damu. Damu iko wapi?"

Mdogo wangu hata hakugeuka.

"Damu ya nini, mzee? Huyu na mimi tumetoka tumbo moja."

Tukatafuna.