Alama Mbili na Kipaza Sauti

Wasomaji, nichekeni, nimestahili. Juzi nilikuwa natetea utafiti wangu wa saratani chuoni hapa Dodoma. Fundi alinibandika kipaza sauti kwenye ukosi, nami kwa hofu nikakimbilia msalani kumpigia mama, aliyeko Makole.

"Mama, nimesahau kila kitu!"

"Hebu nieleze mimi kwanza."

Nikavuta pumzi. "Kuna protini inayozuia seli isigawanyike. Inapachikwa alama ya fosfati, na alama hiyo ndiyo inayoita ya pili, ubikwitini. Ikishapata zote mbili inavunjwavunjwa, seli inagawanyika. Kwenye saratani ushirikiano huo huvurugika."

"Mbona unajua!"

"Najua, ila Profesa anayenitahini ana macho ya mwewe. Akinitazama tu, nasahau hata jina langu."

Ukumbini kikalipuka kicheko, kisha makofi. Nikadhani mwanafunzi aliyenitangulia amemaliza kuwasilisha. Nikarudi kifua mbele, simu bado mkononi, sijaikata. Ukumbi mzima ukasimama, wananipigia makofi mimi!

Profesa akanyoosha kidole kwenye ukosi wangu. Taa ya kipaza sauti ilikuwa inawaka.

"Keti, binti. Tumekusikia yote, na hatuna swali. Umefaulu."

Kwenye simu, mama akapiga vigelegele, na kila mtu akavisikia.